Vilemba vya Kuku wa Mama Deo

Kavira mutoto wangu, mama yangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa, na ninajua ukikaa chini ya mikono ya yule mama wa avenyu ya pili hutarudi mbele ya saa kumi na moja. Nimefunga mulango, nimekaa kwenye kibao cha jikoni, na karatasi ninazotumia nimezichana kwenye kaye yako ya zamani ya hesabu. Mwandiko wangu unaujua. Usicheke, soma pole pole.

Sitakuandikia habari ya kuchemsha maji, wala ya kulala mapema, wala ya wanaume wa Beni. Hayo yote mama yako mudogo atakuambia mpaka masikio yakuume. Yeye na mimi tumetoka tumbo moja. Kama unaona mimi ninasema sana, ngoja umusikie yeye. Mimi ninakuandikia jambo moja tu, na ni jambo la Mama Deo. Kesho kamiyo ya Papa Zakayo itakubeba na mizigo yako kwenda Beni kwa mama yako mudogo, itapita Irumu, itapita Komanda, na italala Oicha. Pale Oicha Mama Deo yuko. Papa Zakayo amemuona kwa macho yake wiki iliyopita, anauza bunga ya fufu kandokando ya kambi ya wakimbizi. Mama Deo alimuuliza habari yako, kama umekua, kama unasoma. Habari yangu hakuiuliza. Kwa hiyo utakutana naye, na kuna neno anaweza kukuambia, na ninataka ulisikie kwangu kwanza. Nilikudanganya, Kavira. Nilikudanganya siku moja, kisha nikaendelea kukudanganya miaka yote hii kwa kunyamaza.

Lakini siwezi kuanza na ule uongo, nitashindwa. Acha nianze na kuku, kwa sababu habari ya kuku ninaiweza.

Unajua vile nilivyokuwa na kiburi na kuku wangu. Kuku wa watu wengine hapa Bigo walikuwa na kilemba cha meno, kile chekundu kinachosimama juu ya kichwa kama musumeno. Wangu walikuwa na kilemba cha kulala, kipana, kimeshikamana na kichwa, kimejaa vipele vidogo vidogo. Jogoo wa kwanza nilimutoa Butembo nilipokuja hapa kwa baba yako. Walisema ni mujukuu wa jogoo wa kizungu wa misioni. Nilimubeba kwenye kitunga juu ya magoti yangu njia nzima, na alinyea kikwembe changu cha arusi mara tatu, na mimi sikukasirika hata kidogo. Baba yako aliponipokea aliuliza, «Sasa nimeoa nani, weye ao huyu?»

Watu wengine walikuwa wanakata kidole kimoja cha kuku, ao wanamufunga kitambaa cha rangi kwenye bawa, ili wajue huyu ni wa nani. Mimi sikukata, sikufunga. Kichwa ndicho kilikuwa alama yangu. Kuku akipotea mpaka kartiye nyingine, watoto walimuleta mbio, «Mama Kavira, hii kichwa ni ya kwenu», na mimi nilijivuna kama mutu aliyetengeneza kile kichwa kwa mikono yake.

Sasa sikia kosa lenyewe lilivyoanza. Mara kwa mara, kuku wangu Soksi ao mwingine akiangua, kati ya vifaranga kumi nilikuwa ninaona mumoja, wawili, wenye kilemba cha meno. Sikujiuliza kitu. Nilisema jogoo wa jirani ameruka ua. Nilikwenda kumugombeza jirani, nikarudi nimeridhika, na wale wenye meno niliwauza mapema ao niliwakata tukawakula Jumapili. Weye ulizipenda sana zile Jumapili. Ushahidi wote niliupika na pilipili, mama, na tukaulamba mpaka mifupa.

Mama Deo unamukumbuka vizuri kuliko unavyosema. Alikuwa anatoka kijijini kwao, barabara ya Djugu, kila siku ya soko, na bunga yake na maharage yake. Sokoni tulikaa bega kwa bega. Kuku wangu walidonoa maharage yake, tukagombana, wakadonoa tena, tukacheka, na hivyo tukawa marafiki. Baba yako alipofariki, Mama Deo alikuja akatandika mukeka hapa ndani na kulala wiki mbili, na shamba lake lilikuwa linangoja palizi. Ni yeye aliyekusuka siku zile. Mimi mikono yangu ilikuwa imekataa kufanya kazi. Asubuhi alinisukuma na muguu, akasema, «Amuka, kuku yako iko na njaa, haijue kama weye uko mujane.» Nilimukasirikia, nikaamuka, nikawapa kuku chakula. Ndivyo nilivyopona.

Ndiyo maana nilipotaka kumufanyia kitu kizuri nilimupa kuku wa kuchunga. Desturi yetu unaijua. Unamupa rafiki kuku, yeye anamulisha na kumulinda, watoto wa kwanza munagawana nusu kwa nusu, na baadaye kuku mama anarudi kwa mwenyewe. Hakuna karatasi, hakuna shahidi. Nilimupa Soksi, yule mwekundu mwenye manyoya kwenye miguu, weye mwenyewe ulimutia lile jina, na nikamupa na jogoo, wote wawili kilemba cha kulala. Nilimuonya sana. «Uifungie ndani, isichanganyike na kuku ya kijiji.» Akasema, «Nitailalisha na batoto yangu, Mama Kavira, usihangaike.» Na kweli aliwalalisha na watoto wake. Deo alikuwa anakuja shuleni ananuka kuku.

Siku aliyoleta fungu langu haikuwa siku ya soko. Alitembea kutoka kijijini kwa ajili ya ile kazi tu, kitunga juu ya kichwa, amejaa furaha. Hapa uani kulikuwa na majirani wamekuja kuteka maji. Alitua kitunga, akakifungua, wakatoka kuku wachanga sita, wanono, wa kupendeza. Niliinua mumoja, nikaangalia kichwa. Meno. Nikainua mwingine. Meno. Damu ikanipanda.

«Hii haiko ya kwangu», nikasema.

«Njo yako», akasema, bado anacheka. «Njo batoto ya Soksi. Niliona ikiatamia na macho yangu.»

«Uliuza yangu, ukaniletea ya soko.»

Kile kicheko kilikwisha usoni pake kidogo kidogo. Alisema, «Mama Kavira, weye unanijua.» Na mimi, mbele ya wale wamama wote na ndoo zao, nikamujibu, «Kuku yangu ninajua. Weye njo ninaanza kujua leo.»

Ndipo ulipoingia katikati. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, mikono mirefu, magoti yamechubuka. Ulichuchumaa, ukamushika yule kuku muguu, ukasema, «Mama, angalia huku chini. Iko na soksi sawa mama yake. Kuku ya soko haina soksi.»

Nilikupiga kofi. Nilikupiga kwa sababu ulikuwa na haki. Mimi nilikuwa nimeangalia kichwa tu, weye uliangalia kuku muzima, kichwa mpaka miguu, na niliposikia neno lako kitu ndani yangu kilijua palepale kwamba ni kweli. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka na watu walikuwa wanaangalia. Mama Deo aliinama. Aliinua kitunga chake kitupu, akajifunga kikwembe vizuri, akakupapasa shavu pale kofi lilipopita, akaenda. Kuku wote sita alituachia. Wanne walikuwa na kilemba cha kulala, wale wawili wa meno niliwauza siku ileile, sikutaka kuwaona.

Sokoni alihamia upande wa samaki. Tulipishana mara tatu. Mara zote tatu nilingoja anisalimie. Mimi ndiye niliyemutukana, na mimi ndiye niliyekuwa ninangoja kusalimiwa, unaona ujinga wa mama yako? Usiku nilipanga maneno, asubuhi nikayaacha kitandani. Nilijiambia, soko lijalo. Soko lijalo likafika, nikajiambia, lile linalokuja. Kisha vita ikaingia barabara ya Djugu, na soko lenyewe likafungwa.

Sasa nimefika, acha nipumue kidogo.

Unakumbuka siku ile watu walipopita hapa Bigo tangu asubuhi, na magodoro, na mbuzi, na wazee wamekalishwa kwenye baiskeli wanasukumwa. Vijiji vya kule vilikuwa vimeungua. Tulifunga mulango kama wote. Saa tisa hivi nilikuwa nimesimama nyuma ya mulango wetu wa bati, ninachungulia kwenye tundu la musumari, na nikamuona Mama Deo. Alikuwa na mutoto mugongoni. Deo alikuwa nyuma yake na godoro. Yeye alikuwa na kile kitunga juu ya kichwa, kimefunikwa na kitambaa, na miguu yake ilikuwa vumbi mpaka magotini. Alifika mbele ya mulango wetu, akasimama.

Alisimama tu. Kati yake na mimi kulikuwa na bati moja, na nilikuwa ninasikia anavyohema. Mukono wangu ulikuwa juu ya komeo. Nilisema moyoni, apige hodi. Apige hodi mara moja tu, nitafungua, nitamuingiza na watoto wake, nitapika, nitamupa kitanda changu. Na yeye, nafikiri, alikuwa anasema moyoni, mulango ni wa kwake, afungue yeye.

Nyuma yangu ulikuwa unapepea makala. Ukauliza, «Mama, nani iko pale?»

Nikajibu, «Hakuna mutu.»

Alisikia. Ninajua alisikia, kwa sababu ndipo alipogeuka, akamwambia Deo neno ambalo sikulishika, wakaenda na wale wengine. Nilimuangalia mpaka nikaona kile kitunga peke yake juu ya vichwa vya watu, kisha nacho sikukiona.

Huo ndio uongo wangu, Kavira. Nimeuandika. Nilifikiri mukono ungekataa.

Asubuhi nilipofungua nilikuta kuku amefungwa muguu kwenye bawaba ya mulango, na kipande cha kikwembe ambacho nilikijua, kile cha maua ya manjano alichokuwa anavaa siku za soko. Alikuwa Soksi. Yaani yule mama nyumba yake imeungua, shamba limebaki, ametembea na watoto kati ya bunduki, na kuku ambaye si wake alimubeba juu ya kichwa mpaka kwa mwenyewe, kwa sababu kuku mama anarudi. Angemula njiani na watoto wake nani angemulaumu? Alinisikia nikisema hakuna mutu, na bado alirudi kunifungia kuku wangu. Mimi sijui kama ningeweza. Nimejiuliza mara nyingi, na jibu ninalijua, singeweza.

Weye nilikuambia nimemununua kwa mukimbizi mumoja. Uliangalia miguu yake, ukasema, «Huyu ni Soksi.» Nikasema kuku wa soksi ni wengi duniani. Ulinitazama, ukaenda kumutafutia maji. Sijui siku ile ulijua nini. Sijakuuliza. Tumekula chungu kimoja miaka yote hii, tumelala chini ya kitanda kimoja risasi zikipita, na sikukuuliza, na weye hukuniuliza.

Ile asubuhi nilikuambia ninakwenda kutafuta chumvi. Nilikuwa ninamutafuta yeye. Nilizunguka makanisa, nilizunguka mashule walipolala wakimbizi, niliangalia vikwembe vya wanawake kama muwendawazimu. Mutu mumoja aliniambia kundi la kijiji chao limeondoka alfajiri, limeelekea njia ya Irumu. Nilirudi bila chumvi, na weye hukuiuliza ile chumvi pia.

Mwisho wa habari ya kuku huu hapa, na sehemu yake unaijua, maana weye ndiye ulinifundisha. Vita ilipoingia ndani ya muji, vijana wenye bunduki walikula kuku wa avenyu nzima. Jogoo walikwisha kwanza, kwa sababu jogoo anajitaja mwenyewe kila asubuhi. Wetu tulimuficha chini ya kitanda, kwenye sanduku la sabuni, chini chini, asiweze kunyoosha shingo, maana jogoo asiponyoosha shingo hawezi kuwika. Nilikuwa ninamuonea huruma. Miezi ile nilikuwa ninaamuka mapema ninasikiliza, na hapa Bigo hakukuwa na jogoo hata mumoja aliyewika. Wetu peke yake ndiye alibaki, na yeye alikuwa bubu.

Na ndani ya nyumba ile iliyofungwa, Soksi alitaga, akaatamia, akaangua tisa. Baba yao alikuwa yule wa sanduku, kilemba cha kulala. Mama yao Soksi, kilemba cha kulala. Wakakua kidogo, vichwa vikaanza kuonekana vizuri, na wawili kati yao walikuwa na meno.

Nilikaa chini kwenye simenti. Safari hii hakukuwa na jogoo wa jirani wa kusingizia. Jirani mwenyewe alikuwa amekimbia.

Nilikuita, nikakuonyesha, nikakuuliza shule inasema nini juu ya jambo kama hili. Weye ulifurahi, ilikuwa mara ya kwanza nikuone unafurahi tangu shule ifungwe. Ulileta kaye yako ya biolojia, ukachukua maharage meusi na meupe, ukayapanga pale chini. «Mama, kila kuku anabeba alama mbili, moja ya baba, moja ya mama. Ile ya kulala ina nguvu, inafunika ile ya meno. Kuku anaweza kuwa na kilemba cha kulala, na ndani amebeba meno, haionekani. Wakikutana wawili wenye kubeba, kila mara moja kwa nne, mutoto atatoka na meno.» Ulisogeza maharage, meupe na meupe yakakutana. «Hapo. Hakuna mutu aliyefanya kosa. Yalikuwa ndani tangu zamani.»

Ulisema hivyo, hakuna mutu aliyefanya kosa, na mimi nilikuwa ninaangalia maharage na kumuona mwenye kuyauza. Nilielewa yote mara moja. Jogoo wangu wa misioni, yule wa kujivunia, alizaa na kuku wa Bigo tangu mwaka wa kwanza. Kuku wangu walikuwa wamechanganyika zamani sana, avenyu nzima ilikuwa ndani yao, na mimi peke yangu ndiye sikutaka kujua. Uliniuliza kwa nini ninalia. Nikasema moshi.

Umeona weye mwenyewe vile wale wenye bunduki walivyofanya kwenye bariyeri, pale walipofunga barabara za muji huu. Wanaangalia pua, wanaangalia urefu, wanasema weye ni wa kule, ondoka kwenye mustari. Hata siye wa Kivu walitusimamisha, unakumbuka ile siku ya karibu na soko, vile nilivyokushika mukono mpaka ukakuuma. Niliwalaani, na ninawalaani mpaka leo. Lakini yule kijana alipokuinua kidevu na kidole ili akuangalie uso vizuri, nilishituka mara mbili. Mara ya kwanza kwa ajili yako. Mara ya pili kwa sababu lile jicho nililijua, ndilo jicho nililomuangalia nalo yule kuku muchanga. Sisemi ni kitu kimoja. Yeye alikuwa na bunduki, mimi nilikuwa na mudomo tu. Ninasema nililijua.

Unakwenda kujifunza uuguzi, watu watakaa mbele yako wagonjwa na wachafu na wenye hofu, na weye utaangalia vizuri, ile kazi unayo tangu ulipokuwa mutoto. Juu ya hiyo sina la kukufundisha. La kukufundisha nina hili tu, na nimelilipia. Neno likikutoka vibaya mbele ya watu, lirudishe palepale. Utaona haya, watacheka, na jua likizama watakuwa wamesahau. Mimi niliona haya ya dakika moja ni kubwa, nikachagua hii ya miaka.

Nina hamu na Mama Deo. Sijawahi kuisema hivi, hata kanisani. Nina hamu na vile alivyokuwa ananiita kutoka mbali sokoni, watu wote wageuke. Nina hamu na vile alivyokuwa anachekelea Kiswahili changu cha Butembo, na anavyotafuna muhindi wa kuchoma upande mumoja kwa sababu ya jino bovu. Siku za soko bado ninaacha nafasi kando yangu. Wamama wapya wanafikiri ninamuwekea mutu, wanakaa mbali.

Na kesho hamu yako nayo itaanza, imekwisha kuanza. Asubuhi nimeona umeosha sahani yako ukaiweka peke yake, umeitenga na yangu, nikairudisha juu ya yangu. Sitaki kusema zaidi, nitashindwa kuendelea na karatasi imebaki kidogo.

Utakapofika Oicha, usimwambie kwamba ninaomba radhi. Radhi yangu si muzigo wako. Barabara ikipoa nitakwenda mwenyewe, na kama haitapoa nitakwenda vilevile. Nitapiga hodi kwake, na akitaka kunyamaza ndani, nitaelewa. Weye musalimie kwa jina lako tu. Akikukaribisha, ingia ule. Ukitaka kukaa kwake siku mbili, tatu, kaa. Mama yako mudogo akigombeza, nitagombana naye mimi, tumezoea.

Nilifikiria kuificha barua hii katikati ya nguo zako, uikute Beni, wakati mimi niko mbali. Nilikwisha kuinua nguo. Kisha nikaona nimerudi tena nyuma ya lile bati, ninachungulia. Basi kesho nitakupa mukononi, pale kamiyo inapopakia, ukishakaa juu ya mizigo. Papa Zakayo anakawia siku zote, anatafuta abiria wa mwisho, utakuwa na nafasi ya kuisoma yote. Mimi nitasimama pale chini, upande ambao unaniona. Lile kofi nilikupiga mbele ya watu, na mbele ya watu ninakuomba unisamehe. Ukiwa na neno kali, liseme palepale juu, abiria wote wasikie, sitainamisha kichwa. Ukitaka kushuka, shuka. Na kama bado huna neno, kunja hizi karatasi, uangalie mbele, usijilazimishe kunipungia mukono. Nitabaki nimesimama mpaka kamiyo iondoke.

Ni mimi mama yako, Bigo, Bunia.